Mto Msimbazi hauponi kwa kuchimbwa Jangwani pekee

Kila masika yakikolea, hufika siku Barabara ya Morogoro ikafungwa pale Jangwani. Mabasi ya mwendokasi yanaishia Magomeni kwa upande mmoja na Faya kwa upande wa pili, abiria wanashuka, na katikati yao maji ya kahawia yanapita juu ya lami yakibeba chupa, magogo na pengine godoro la mtu. Redio zinatangaza kwamba Mto Msimbazi umefurika. Anayeujua mto huu anajua kwamba umetandaza maji yake mahali ulipoyatandaza miaka yote, kabla ya lami, kabla ya daraja na kabla ya jiji lenyewe.

Sasa bonde hilo limeingia kwenye mradi mkubwa. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 200 kwa ajili ya Mradi wa Uendelezaji wa Bonde la Mto Msimbazi, na Hispania na Uholanzi nazo zikaongeza fedha. Mpango ulichorwa kuanzia mwaka 2018, katika vikao vilivyowaweka pamoja wakazi wa mabondeni, wahandisi, viongozi wa mitaa, wataalamu wa mazingira na maofisa wa serikali. Walichokubaliana ni hiki: sehemu ya chini ya bonde ichimbwe ishuke, udongo utakaotoka uinue kingo pana ambako majengo yatakaa juu ya maji, daraja jipya refu lijengwe Jangwani, karakana ya mwendokasi ihamishwe, na katikati ya bonde pawe bustani kubwa ya jiji. Bustani hiyo itakubali kuloa. Mvua ikija, maji yataingia yakae humo, na yakipungua watoto watarudi na mpira wao.

Naunga mkono mpango huu kwa moyo wote. Kwa muda mrefu Dar es Salaam ilidhani dawa ya mto ni kuubana: ukuta huku, mtaro wa zege kule, kalavati katikati. Kuupa mto nafasi yake ni uamuzi wa watu wazima. Lakini nina hofu moja. Karibu kila picha inayoonyeshwa kuhusu mradi ni ya Jangwani, na Jangwani ni mwisho wa mto. Msimbazi unaumwa huko juu, na asipotibiwa mgonjwa pale anapoumwa, bustani tunayoisubiri itafukiwa na mchanga ikiwa bado mpya.

Mto wenyewe si mrefu. Una kilomita takribani 35 tu. Unaanzia kwenye vilima vya Pugu, upande wa Kisarawe, karibu na misitu ya hifadhi ya Pugu na Kazimzumbwi. Unateremka kupitia Ukonga na Kinyerezi, unaipita Segerea, Tabata na Vingunguti, unafika Kigogo, unapokea vijito vinavyotoka Ubungo na Sinza, kisha unatandaa Jangwani na Hananasif kabla ya kupita chini ya Daraja la Salenda na kuingia Bahari ya Hindi. Mtu anayefuata njia hiyo anaona jiji zima kwa upande wake wa nyuma: mashamba ya mchicha, machinjio, gereji, mabwawa ya majitaka, viwanda, vyoo, nyumba zilizokatika nusu zikaachwa na mlango unaofunguka kwenye korongo.

Tuanze na mchanga, maana ndio unaoziba daraja.

Vilima vya Pugu na miteremko ya Kisarawe vilipokuwa na miti ya kutosha, mvua ilikuwa inanyesha juu ya majani, inadondoka polepole, inazama ardhini na kutoka kidogokidogo kwenye chemchemi. Miti imekatwa kwa mkaa na viwanja. Chini yake pameota mitaa mipya yenye mabati, sakafu za saruji na barabara za vumbi zisizo na mitaro. Dar es Salaam ilikuwa na watu milioni 4.36 kwenye sensa ya 2012, na milioni 5.38 kwenye ile ya 2022. Sehemu kubwa ya ongezeko hilo imekwenda pembezoni, na kwa Msimbazi pembezoni ndiko unakotoka. Maji yaliyokuwa yakichukua siku kufika mtoni sasa yanafika kwa saa chache, tena yana nguvu, yanakula kingo na kubeba udongo wa kichanga wa upande ule.

Udongo huo unasafiri mpaka pale ambapo mteremko unakwisha. Mteremko unakwisha Jangwani. Hapo maji yanapunguza mwendo, na maji yanayopunguza mwendo huachia mzigo wake. Nafasi iliyokuwa chini ya daraja imepungua mwaka hadi mwaka. Makatapila huletwa, mchanga unatolewa na kurundikwa pembeni, na mvua ya msimu unaofuata inarudisha mwingine. Bahari nayo ina neno lake. Mvua kubwa ikikutana na bamvua, maji ya mto yanafika Salenda na kukuta bahari imejaa; hayana pa kwenda, yanarudi nyuma na kupanda. Ndiyo maana kuna siku mvua ya wastani inaleta balaa na siku mvua kubwa inapita salama.

Kuna pia wachimba mchanga. Nenda kwenye kingo za mto huko juu asubuhi ya kiangazi utawakuta vijana ndani ya maji yanayofika magotini, koleo mkononi, wanatupa mchanga juu ya ukingo mpaka liwe rundo la tipa moja. Wanakata ukingo kutoka chini, ule wa juu unaning'inia, na mvua ikija unaanguka na mhogo wa mtu, pengine na choo chake. Mchanga ule ndio unaofyatuliwa bloku za nyumba zinazojengwa mtaa wa pili. Kuwafukuza kwa mgambo kumejaribiwa mara nyingi na wanarudi, kwa sababu jiji linaendelea kujenga na mchanga wa mtoni uko karibu na ni rahisi. Nisichoelewa ni kwa nini hatujawahi kupanga kwa dhati wachimbe wapi: pale mchanga unapojaa na kuleta madhara, kwa kina kilichopimwa, kwa leseni. Mchanga unaotolewa Jangwani kwa fedha za umma na ule unaoibwa huko juu ni mchanga uleule.

Jambo la pili ni gumu kulisema gazetini Jumamosi asubuhi, lakini bila kulisema tutakuwa tunajidanganya. Msimbazi ni mfereji wa vyoo. Sehemu ndogo tu ya jiji imeunganishwa na bomba la majitaka. Waliobaki wanatumia vyoo vya shimo na makaro. Kwenye mitaa ya mabondeni maji ya ardhini yako juu, kwa hiyo shimo linajaa upesi, na gari la kunyonya halifiki kwa sababu uchochoro hauna hata upana wa kupitisha mkokoteni. Mvua kubwa ikianza usiku, mwenye nyumba anatoka na mtarimbo, anatoa tofali moja kwenye ukuta wa shimo upande wa korongo, na choo kinajitapika chenyewe. Kwa wenyeji jambo hilo lina jina la kawaida kabisa, kutapisha, na wapo wanaoisubiri masika kwa ajili hiyo tu. Asubuhi yake watoto wanapita kwenye maji hayo kwenda shule. Halafu tunashangaa kipindupindu kinapoitembelea Dar es Salaam.

Juu ya hayo kuna viwanda na gereji. Watafiti, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wamepima mara kadhaa udongo na mboga za bonde hili na kukuta madini mazito, risasi ikiwemo. Mchicha huo unauzwa sokoni kama mchicha mwingine wowote, na mama anayeununua hana namna ya kuutofautisha.

Sasa jiulize: ukiuchimba mto huu Jangwani, ukapanda miti na nyasi, ukaweka mabenchi, halafu vinyesi, mchanga na mafuta ya gereji vikaendelea kuteremka kutoka juu, umerejesha uasili wa kitu gani?

Mfano unaotajwa mara nyingi na wapangaji wa miji ni Mto Kallang wa Singapore, na wanautaja kwa haki. Katika eneo la Bishan, mto huo ulikuwa umefungwa ndani ya mfereji wa zege ulionyooka, wenye urefu wa kilomita 2.7, uzio huku na huku. Kati ya 2009 na 2012 mfereji ulivunjwa. Mto uliachwa upinde tena, ukawa na urefu wa zaidi kidogo ya kilomita 3 ndani ya bustani ya hekta 62. Kabla ya kuugusa wenyewe, wahandisi walijaribu kwanza njia mbalimbali za kushikilia kingo kwa mizizi, mawe na matawi yaliyofungwa pamoja kwenye mtaro mdogo wa pembeni, wakaangalia ipi inastahimili mvua za kitropiki na ipi inabomoka. Mfereji wa zamani ulikuwa na upana wa kati ya mita 17 na 24. Siku za mvua kubwa mto mpya unaweza kutandaa mpaka karibu mita 100. Kwa hiyo unabeba maji mengi kuliko ule wa zege. Siku za kawaida watu wanakanyaga mawe kuvuka. Mvua ikikaribia, ving'ora na taa vinawaonya watoke. Hata fisi maji wamerudi.

Kinachosahaulika katika simulizi hiyo ni miaka iliyotangulia. Mwaka 1977 Waziri Mkuu Lee Kuan Yew aliwataka watendaji wake wausafishe Mto Singapore na bonde la Kallang ndani ya miaka kumi. Kazi ilifanyika mpaka 1987. Mazizi ya nguruwe na bata yaliondolewa, wauza vyakula wa barabarani walijengewa masoko yenye maji na mabomba, familia zilizokuwa kwenye vibanda zilihamishiwa nyumba za serikali, na majitaka yakatengwa na maji ya mvua. Zege la Bishan lilivunjwa zaidi ya miaka ishirini baadaye, wakati maji yaliyokuwa ndani yake yalikuwa tayari ni maji. Vyoo vilitangulia, maua yakafuata.

Karibu yetu zaidi yuko jirani, Rwanda. Bonde la Nyandungu jijini Kigali lilikuwa limechakaa kwa shughuli za watu. Lilirudishwa kuwa ardhi oevu yenye mabwawa, matete na miti ya asili, na mwaka 2022 likafunguliwa kama bustani ya hekta 121 inayochuja maji na kupunguza mafuriko. Vilevile Kigali imeondoa viwanda kwenye bonde la Gikondo. Miti ya Nyandungu ni mizuri, lakini mimi nimevutiwa na nia ya kuanza na mabonde, kwa kuwa mji wa vilima ukiyaharibu mabonde hauna pa kupeleka maji yake.

Turudi nyumbani. Mto Ng'ombe unaopita Tandale ulijengewa kingo za zege chini ya mradi wa uendelezaji wa jiji, DMDP. Sitaubeza mtaro ule. Aliyelala Tandale miaka ya nyuma akiamka maji yako kitandani ana haki ya kuushukuru, na nyumba zilivyobanana pale sijui nani angepata nafasi ya kuuacha mto upinde. Hata hivyo lazima tuseme ukweli wa kihandisi: zege halinywi maji wala haliyacheleweshi. Linayapokea na kuyasukuma. Maji yanayotoka Tandale kwa kasi yanamwagika Msimbazi, na yanafika Hananasif na Jangwani mapema zaidi, yakiwa pamoja na yale yanayotoka Kigogo badala ya kufuatana. Kila kijito tunachokisakafia juu ni mzigo tunaoiongezea bustani ya chini. Pale ambapo bado kuna nafasi, na huko Kinyerezi, Pugu na Kisarawe nafasi bado ipo, kijito kiachwe na udongo wake, matete yake na upana wake. Kununua viwanja vichache leo ni rahisi kuliko kubomoa mtaa miaka ishirini ijayo.

Tuna hata mfano wetu wenyewe wa mto mdogo. Mto Mlalakua unapita Mikocheni na Kawe kuelekea baharini, na kuanzia 2012 ulikuwa na mradi uliounganisha ofisi ya bonde la Wami/Ruvu, Manispaa ya Kinondoni, baraza la mazingira NEMC, mashirika ya kiraia na kampuni za biashara. Walizoa taka, wakasimamisha utaratibu wa uzoaji mitaani, wakashughulika na majitaka ya mtaa kwa mtaa badala ya kusubiri bomba kuu. Mitambo midogo ya kusafisha majitaka, inayohudumia mtaa mmoja au miwili bila umeme mwingi, inawezekana katika jiji hili. Ndiyo inayohitajika Vingunguti, Kigogo na Tabata, pamoja na pampu za mkono zinazoingia kwenye uchochoro na kutoa tope la choo kwa bei ambayo mpangaji wa chumba kimoja anaimudu.

Na hapo ndipo tunapofika kwa watu, ambao katika hadithi nyingi za mito huwekwa mwishoni kana kwamba ni uchafu mwingine wa kuondoa.

Tangu Mpango Mkuu wa jiji wa 1979 mabonde haya yalitajwa kuwa ya hatari, yasiyofaa kujengwa. Lakini watu waliojenga hawakujenga usiku kwa siri. Wengine walipata leseni za makazi. Waliwekewa mita za umeme na maji, wakachagua wenyeviti wa mitaa, wakapiga kura, wakalipa kodi ya majengo. Desemba 2011 iliponyesha mvua iliyotajwa kuwa kubwa kuliko zote tangu 1954, zaidi ya watu 40 walipoteza maisha, na baadhi ya waliookoka wakapewa viwanja Mabwepande, mbali na kazi, shule na soko walilolizoea. Wengi wao walirudi bondeni kwa sababu ya nauli. Desemba 2015 likaja tingatinga na alama nyekundu za X ukutani. Aprili 2018 mafuriko yakaja tena, na hasara ya mara hiyo moja ilikadiriwa na Benki ya Dunia kuzidi dola milioni 100. Bomoabomoa na mafuriko, vyote viwili, viliwakuta watu walewale.

Safari hii kuna fidia, na hilo ni badiliko la kweli. Kumekuwa na malalamiko kuhusu thamani ya ardhi, na inafaa yaendelee kusikilizwa mmoja mmoja, kwa karatasi na kwa ana kwa ana. Wasiwasi wangu mkubwa uko kwa mpangaji. Mwenye nyumba anapolipwa na kuondoka, mpangaji wa chumba chenye pazia anabeba ndoo na godoro na kutafuta kingine cha bei ileile. Atakipata wapi? Kwenye bonde lingine, au kwenye ukingo wa kijito hukohuko juu, Gongo la Mboto au Segerea, ambako choo chake kitamwagikia mto uleule. Jiji lisilojenga nyumba za bei nafuu kwenye ardhi kavu linawahamisha watu wa mabondeni kutoka Jangwani kwenda kwenye chanzo.

Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mtoni. Tumekuwa tukiikumbuka baada ya mafuriko na kuisahau kiangazi. Nawaomba TAMISEMI, wanaosimamia serikali za mitaa, na halmashauri za Jiji la Dar es Salaam, Ubungo, Kinondoni na Kisarawe waianze kazi hiyo huko juu sasa, kabla nyumba hazijasimama: wapime mita 60 kwa vigingi vinavyoonekana, kijito kwa kijito, na wapande miti na mianzi ndani yake ili mtu asiseme hakujua. Nawaomba watu wa misitu waihesabu Pugu kuwa sehemu ya mradi wa Jangwani, na mamlaka ya maji, DAWASA, waweke majitaka ya Vingunguti na Kigogo mbele ya mabenchi ya bustani. Mikoko iliyobaki pale Salenda iachwe izaane, kwani inafanya kazi ya bure.

Na wewe unayesoma haya ukiwa Ukonga, Kinyerezi, Tabata au Segerea, huu mto ni wako kuliko ulivyo wa mtu wa Jangwani, maana wewe ndiye unayeamua anapelekewa nini. Jenga shimo la kuvunia maji ya paa. Usichome wala kukata miti ya korongoni. Na kama choo chako kimejaa, zungumza na majirani mchangie gari la kunyonya sasa, kiangazi hiki, kabla mvua haijaanza.